Nani Mwenye Hadithi? Usimulizi na Utafiti wa Chuo Kikuu katika Kibera na Kawangware

Utangulizi

Makala haya yanahusu utafiti wa chuo kikuu unaofanywa kwa ushirika na wakazi wa mitaa kwa njia ya usimulizi. Kwa utafiti wa namna hiyo tuna maana ya kazi ambayo mtafiti haendi nyanjani na hojaji iliyokwisha kukamilika, bali huketi na wakazi, wakakubaliana juu ya jambo linalostahili kuchunguzwa, kisha wakazi wenyewe wakalisimulia kwa lugha yao na kwa mpango wao. Mifano yetu tumeichukua Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya Nairobi ambayo kwa muda mrefu imetembelewa na watafiti wa kila fani: madaktari, wataalamu wa jamii, wachora ramani za miji, na sisi watu wa lugha na fasihi.

Swali linalotushughulisha ni moja. Hadithi ikishasimuliwa na kuandikwa, ni ya nani? Wako watakaosema kuwa swali hili ni la wanasheria, au la kamati za maadili ya utafiti. Hatukatai. Hata hivyo tutajaribu kuonyesha kwamba ni swali la lugha pia, kwa sababu sehemu kubwa ya madai ya msimulizi imo ndani ya sarufi yake, na sarufi hiyo ndiyo ya kwanza kupotea pale masimulizi yanaponukuliwa, kufupishwa na kufasiriwa. Ikiwa ndivyo, idara za lugha zina wajibu katika utafiti huu ambao hauwezi kutekelezwa na idara nyingine.

Tukio lililozaa makala haya

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya, akiwa ndiyo kwanza amerejea kutoka masomoni ng'ambo, alifuatana na wanafunzi wa fasihi simulizi hadi Makina, mojawapo ya vijiji vya Kibera. Tulikuwa na barua zote na vibali vyote. Bibi mmoja wa Kinubi alitupokea kwa heshima, akatukaribisha chai, kisha akatuuliza jambo ambalo hatukulitarajia. Alitaka kujua habari alizowapa wanafunzi waliotutangulia ziliishia wapi. Walimrekodi kwa siku mbili, wakamshukuru, wakaenda zao. Alisema kwamba hadai fedha. Anadai kusikia alivyoandikwa. Mpaka tutakapomletea jibu, hakuwa na hadithi nyingine ya kutupa.

Tulikwenda kuitafuta kazi ile. Baada ya majuma kadhaa tuliipata katika maktaba ya chuo kimoja, nayo ilikuwa tasnifu ya Kiingereza. Siku mbili za usimulizi zilikuwa zimebaki aya moja, na bibi alitajwa kuwa mtoa habari wa nne. Tulimrudia, tukamsomea aya ile kwa Kiswahili. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kuwa yaliyoandikwa ni ya kweli, ila yeye hayumo.

Makala haya ni jaribio la kueleza maana ya kauli hiyo. Aliyeandika tasnifu hakusema uongo, wala hakukiuka kanuni yoyote tuliyowahi kumfundisha mwanafunzi. Ni kitu gani basi kilichomtoa bibi katika hadithi yake mwenyewe?

Utafiti wa ushirika si jambo geni kwetu

Kabla ya kujibu, yafaa tukumbuke kwamba wazo la wasomi kushirikiana na wananchi lina historia ndefu katika Afrika Mashariki, na kwamba hatuhitaji kuliazima. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kwamba Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ifutwe, na mahali pake pachukuliwe na idara ambayo kitovu chake kingekuwa fasihi ya Afrika. Fasihi simulizi ilikuwa nguzo mojawapo ya pendekezo lile. Kutokana na mageuzi yaliyofuata, kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi wa Nairobi kimetumwa vijijini kukusanya ngano, nyimbo na methali. Faida ya kazi ile haina shaka. Lakini katika mpango wake hadithi ilikwenda upande mmoja tu, yaani kutoka kijijini hadi chuoni.

Hatua ya pili ilionekana Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru. Huko, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walishirikiana na wakulima na wafanyakazi wa kijiji kutayarisha mchezo wa *Ngaahika Ndeenda* kwa lugha ya Kigĩkũyũ. Rasimu ya mchezo haikupelekwa kwa mchapishaji kwanza. Ilisomwa mbele ya wanakijiji, nao wakasahihisha lugha, wakaongeza nyimbo, wakabishana juu ya historia iliyosimuliwa. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977, ukapigwa marufuku mwezi uliofuata. Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini mwisho wa mwaka ule, na mwaka 1982 jumba la wazi lililojengwa na wanakijiji wenyewe lilibomolewa. Tukio hili hutajwa mara nyingi kwa ajili ya siasa yake. Sisi tunalitaja kwa ajili ya utaratibu wake: wenye hadithi waliishika rasimu wakati ilipokuwa bado yaweza kubadilishwa.

Nchini Tanzania utaratibu unaofanana na huo ulikuwa ukijaribiwa wakati huo huo. Mradi wa Jipemoyo, uliofanywa na watafiti wa Kitanzania na wa Kifini katika Wilaya ya Bagamoyo katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, uliwachukulia wanavijiji kuwa watafiti wa maisha yao. Katika miaka ya 1980 Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliendesha sanaa za maonyesho kwa maendeleo Malya, Bagamoyo na Msoga. Wanakijiji walichagua matatizo yao, wakayatungia ngoma, nyimbo na michezo, kisha wakayajadili hadharani.

Mifano hii inatufundisha kwamba ushirika una mahali maalumu pa kupimwa. Mtu aweza kuketi na wakazi mwaka mzima, akala nao na kucheka nao, na bado kazi yake isiwe ya ushirika. Kipimo ni kama msimulizi ana nafasi ya kusema neno baada ya usimulizi wake kugeuzwa maandishi.

Mitaa miwili na masimulizi yake

Kibera na Kawangware hutajwa pamoja kana kwamba ni mahali pamoja. Kwa mtafiti wa masimulizi tofauti zao ni kubwa, na chanzo chake ni ardhi.

Jina la Kibera limetokana na neno la Kinubi, *kibra*, maana yake msitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari wa asili ya Sudani waliotumikia jeshi la Uingereza la King's African Rifles waliwekwa hapo pamoja na jamaa zao. Mwaka 1918 eneo hilo, ekari zipatazo 4,198, lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Askari wale na watoto wao waliruhusiwa kuishi, lakini hawakupewa hati. Baada ya uhuru ardhi ile ilihesabiwa kuwa ya serikali, na sehemu yake ikajengwa mitaa ya nyumba za kisasa. Mwaka 2011 kamati ya wataalamu wa Umoja wa Afrika inayosimamia haki na ustawi wa mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Mwaka 2017 hatimaye Wanubi walikabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288. Msomaji na alinganishe tarakimu hizo mbili. Kwa takriban karne nzima jamii hii ilidai kuwapo kwake bila karatasi. Sehemu kubwa ya ushahidi wake ilikuwa masimulizi: nani alikuja na kikosi gani, nani alikata msitu upande gani, nani kazikwa wapi.

Tena, masimulizi yale yana lugha yake. Kinubi cha Kibera ni krioli yenye asili ya Kiarabu, nacho kilielezwa kisarufi na Bernd Heine katika kitabu chake cha mwaka 1982. Wanubi walio wengi huzungumza Kiswahili pia, na mtafiti akibisha hodi husimuliwa kwa Kiswahili. Asidhani hata hivyo kwamba amesikia hadithi yote.

Wakazi walio wengi wa Kibera leo si Wanubi. Ni wapangaji kutoka pande nyingi za nchi, wa vijiji kama Lindi, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Kianda na Laini Saba, nao wana masimulizi mengine juu ya ardhi ile ile. Juu ya masimulizi hayo yote imewekwa hadithi ya wageni. Kwa miaka mingi ilikaririwa katika magazeti na ripoti kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu takriban 170,000. Mwaka huo huo vijana wa Kibera walianza kuchora ramani ya mtaa wao katika kazi iliyoitwa Map Kibera, maana katika ramani nyingi zilizokuwapo mahali pale palikuwa patupu. Ni ajabu kwamba mtaa uliosimuliwa kiasi hicho ulikuwa hauna njia, visima wala shule katika ramani.

Kawangware ina asili nyingine. Iko Dagoretti, katika nchi iliyokuwa hifadhi ya Wagĩkũyũ wakati wa ukoloni, ikaingizwa Nairobi mipaka ya jiji ilipopanuliwa. Ardhi yake kwa sehemu kubwa ni mali ya watu binafsi, yenye hati na ploti. Wenye ploti wengi ni wa jamaa zilizoikuta ardhi ile mikononi mwa babu zao, na wapangaji wengi walitoka mbali, hasa magharibi ya Kenya. Kwa hiyo masimulizi ya Kawangware hayabishani sana na serikali juu ya nani aliwahi. Hubishania kodi, ujirani, na yaliyotokea nyakati za uchaguzi. Baada ya uchaguzi wa marudio wa Oktoba 2017 palitokea mapigano mtaani humo, maduka na nyumba zikachomwa. Kibera nayo ilikuwa imeyapitia hayo mwanzoni mwa mwaka 2008. Mtu anayeomba hadithi katika mitaa hii anaomba kitu ambacho chaweza kumpatia msimulizi haki yake, au kumletea maadui mlangoni.

Madai yaliyomo katika sarufi

Sasa turudi kwa bibi wa Makina. Tulipolinganisha tulichosomewa na kile alichokuwa akikisema mwenyewe katika mazungumzo ya kawaida, tuliona kwamba tofauti kubwa haikuwa katika habari. Ilikuwa katika viambishi. Tutazame sentensi tatu:

(1) Nyumba zilibomolewa.
(2) Walitubomolea nyumba.
(3) Tulibomolewa nyumba.

Sentensi ya (1) ndiyo iliyotumika katika tasnifu, kwa Kiingereza chake. Wakazi, kwa kadiri tulivyowasikia, hutumia (2) na (3). Katika (2) kauli ya kutendea inamwingiza aliyepatwa na jambo ndani ya kitenzi kwa kiambishi *-tu-*. Katika (3) aliyepatwa amekalia kiti cha kiima, na nyumba imekuja baada ya kitenzi. Jambo la kuvutia ni kwamba kwa kitenzi *bomoa* umbo la kutendwa na umbo la kutendewa ni moja, *bomolewa*. Kinachotofautisha (1) na (3) ni kiambishi cha mwanzo peke yake: *zi-* kwa nyumba, *tu-* kwa watu. Kwa silabi hiyo moja msimulizi anasema kuwa kilichoharibiwa ni maisha ya watu. Mfasiri anayetafuta muundo mwepesi wa ripoti huchagua (1), na hapo *tu-* inaanguka. Bibi aliposema hayumo, kisarufi alikuwa amesema kweli kabisa.

Jambo la pili ni mtenda. Kitenzi *choma* hutofautisha *chomwa* na *chomewa*, na katika masimulizi ya Kawangware umbo tulilolisikia mara nyingi ni hili la pili: *alichomewa duka*, *tulichomewa*. Kauli hii inaruhusu mtenda aachwe bila kutajwa. Mwanafunzi mmoja wetu, kwa nia njema ya kutaka nukuu iliyo kamili, alianza kujaza mtenda katika mabano kila alipodhani anamjua. Vijana tuliokuwa tukishirikiana nao walimzuia. Walimweleza kwamba msimulizi anamjua aliyemchomea, na anakutana naye kila siku dukani na kwenye kituo cha matatu. Kutomtaja ni uamuzi wake. Kumbe mahali pale ambapo mtafiti aliona upungufu wa habari palikuwa na habari muhimu kuliko zote, yaani kwamba majirani hawa bado wanakusudia kuishi pamoja.

La tatu ni kiambishi *-ka-*. Sote tunafundisha kuwa kiambishi hiki huonyesha mfuatano wa matendo katika usimulizi. Babu *akaja*, *akakata* msitu, *akajenga*, *akaoa*, *akazikwa* hapa hapa. Msimulizi wa Kibera anapoyafuatanisha matendo hivi anajenga hoja: kila tendo linalikamata la mbele yake, na la mwisho, yaani kaburi, linayafunga yote. Hojaji huuliza mwaka wa kuhamia, idadi ya vyumba na hali ya umilikaji, kila jambo katika kisanduku chake. Majibu yanaweza kuwa sahihi yote, lakini hoja imekwisha kuvunjwa vipande vipande.

La nne ni majina. Katika ripoti mahali hapa huitwa makazi yasiyo rasmi au mtaa wa mabanda. Wakazi wa Kibera huzigawa sehemu zake kwa jina la *vijiji*. Kijiji kina wazee, makaburi, mipaka na majirani wanaojuana. Banda ni kitu cha kuondolewa asubuhi moja, kama ilivyotokea Julai 2018 maelfu ya watu walipobomolewa ili ipite barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Mtafiti anayeandika banda mahali pa kijiji amekwisha kuamua kesi kabla ya kusikiliza.

Mwisho, kuna Sheng na lugha za nyumbani. Vijana wa mitaa yote miwili husimulia kwa Sheng, wakiingia na kutoka katika Kiswahili, Kiluhya, Dholuo au Kigĩkũyũ. Mahali wanapohama lugha huwa pana maana: mara ni mzaha, mara ni siri, mara ni kumnukuu mzee kwa heshima. Baadhi yetu bado tuna desturi ya kusanifisha masimulizi haya papo hapo, kwa kuiona Sheng kama uchafu wa kufutwa. Mtu anayependa Kiswahili sanifu ana haki ya kukitumia katika uchambuzi wake. Hana haki ya kumtia mwenzake maneno ambayo hakuyasema.

Masharti ya ushirika wa kweli

Sheria za Kenya zimekwisha kuweka msingi. Kila utafiti unahitaji leseni ya tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali ilinde maarifa ya asili ya jamii, na sheria ya mwaka 2016 juu ya maarifa ya jadi na semi za utamaduni inataka jamii itoe idhini kabla ya mali yake hiyo kutumiwa. Sheria ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu binafsi. Lakini sheria hizi hulinda mlango wa kuingilia. Bibi wa Makina aliingiliwa kwa adabu. Alidhulumiwa baadaye, mezani. Kwa hiyo tunapendekeza masharti matano yanayohusu kazi ya mezani.

Kwanza, idhini iombwe mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena baada ya unukuzi kusomwa kwa msimulizi. Idhini ya kwanza hutolewa kwa hadithi ambayo bado haijaandikwa, na hakuna awezaye kukubali au kukataa maandishi asiyoyajua.

Pili, unukuzi ufanywe kwanza kwa lugha iliyotumika, pamoja na vituo, vicheko na kuhama kwa lugha. Kufupisha na kufasiri kuje baadaye, na mwandishi awe tayari kueleza kila kiima alichokibadilisha.

Tatu, wakazi washiriki katika unukuzi wenyewe. Kijana wa Gatwekera au wa Gatina anayejua Sheng ya mtaa wake ni mtaalamu katika jambo hili, naye alipwe na kutajwa kama mtaalamu.

Nne, nakala ya sauti na ya maandishi ibaki mtaani, mahali ambapo wakazi wenyewe wamepachagua. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa ng'ambo, aliwahi kusikiliza katika chumba cha maktaba kanda za masimulizi ya Afrika Mashariki zilizohifadhiwa vizuri mno. Ilimjia wazo kwamba huenda wajukuu wa wasimulizi wale hawajui hata kama kanda zile zipo. Tukiwalaumu wageni kwa hayo, tukumbuke kuwa kutoka Makina hadi rafu za maktaba zetu ni mwendo mfupi kwa matatu, na bado hadithi hazirudi.

Tano, suala la jina liamuliwe na msimulizi. Kanuni nyingi za utafiti hutaka jina lifichwe kwa kila hali. Bibi wa Makina aliuona ufichaji huo kuwa unyang'anyi, kwa sababu hadithi yake ni shahada ya kuwapo kwake. Vijana wa Kawangware waliuona kuwa ngao. Wote walikuwa na haki, na kanuni moja haiwezi kuwatosha.

Tunatambua pingamizi zitakazotolewa. Itasemwa kuwa muhula ni mfupi, mwanafunzi ana mtihani, na kunukuu saa moja ya mazungumzo huchukua siku nzima au zaidi. Ni kweli. Jibu letu ni kwamba basi akusanye hadithi chache. Itasemwa pia kuwa msimulizi akipewa nafasi ya kusahihisha ataipamba hadithi yake, na ukweli utapotea. Pingamizi hii ni nzito zaidi. Lakini mtafiti hakatazwi kutofautiana na msimulizi. Aandike alivyosikia mwanzo, aandike na sahihisho, kisha atoe maoni yake kwa jina lake mwenyewe. Wasomi hutendeana hivyo katika majarida yao kila siku, na hakuna aliyesema kuwa ukweli hupotea kwa kujibizana.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika utafiti unaotumia usimulizi ushirika hupatikana au hupotea wakati wa kuandika, na kwamba mambo yanayoonekana kuwa madogo, kama kiambishi cha kiima, kauli ya kutendewa, mtenda asiyetajwa na jina la mahali, ndiyo yanayobeba madai ya msimulizi juu ya ardhi, usalama na heshima yake. Wenzetu wa afya, sheria na mipango ya miji wanaendelea kukusanya hadithi Kibera na Kawangware. Wengi wao hawana mafunzo ya kuyaona mambo haya. Sisi tunayo. Idara ya lugha inayokaa kando na kungoja kusahihisha tahajia ya ripoti zao imeacha kazi yake.

Kuhusu bibi wa Makina, tuliiandika upya aya ile kwa Kiswahili, tukairudisha *tu-* mahali pake, tukamsomea. Alisahihisha jina la mti mmoja na mpaka wa shamba moja. Kisha akakubali kusimulia tena, kwa sharti kwamba mjukuu wake ndiye ashike kinasasauti na nakala ya kwanza ibaki nyumbani mwake. Tulikubali, na hadithi aliyotusimulia safari hiyo ilichukua siku nne.